Daftari la Jim Gray

Ndugu msomaji, usilifunue jani hili upesi kwa kudhani ni mambo ya kompyuta tu nawe umefuata hadithi. Ngoja kidogo. Humu mna watu wa kweli, mna usiku wa manane, mna mtu aliyepotea baharini. Ninalotaka kulisema ni hili: mashine zinazotunza majina yetu, ada zetu, alama zetu za mtihani na salio la vijisenti vyetu zimeaminika kwa sababu kuna watu walikubali mapema kwamba zitaanguka tu, wakakaa kitako kufikiria zikianguka itakuwaje. Mkubwa wao, kwa hesabu yangu mimi, ni Mmarekani mmoja aitwaye Jim Gray.

Chukua mfano mdogo. Asha anamtumia Juma shilingi 50,000. Kwa Asha na Juma hilo ni tendo moja, lakini ndani ya mashine ni matendo mawili: kupunguza kwa Asha, kisha kuongeza kwa Juma. Sasa, katikati ya matendo hayo mawili, umeme ukakatika. Paf! Asha kakatwa, Juma hajapata. Umeme ukirudi, mashine itajuaje ilikuwa imefikia wapi? Sisi tuliozoea mgao hatuhitaji kuelezwa sana kwamba jambo hili hutokea. Na huko ng'ambo hutokea, sema wao walikuwa na mabenki yaliyojaa mashine kabla yetu, basi kilio wakakisikia mapema.

Lakini kwanza turudi nyuma kidogo, maana Gray hakuanza na uwanja mtupu.

Miaka ya 1960 kampuni ya IBM ilikuwa na mfumo wa kutunzia taarifa uitwao IMS, uliozaliwa katika harakati za Wamarekani kupeleka watu mwezini. Chombo cha Apollo kilikuwa na vipuri vingi mno, na lazima kuwe na mahali pa kuviorodhesha vyote. Humo taarifa zilipangwa kama ukoo: babu, baba, watoto, wajukuu. Ukitaka kumfikia mjukuu sharti upite kwa babu. Aliyejua njia alifika, asiyeijua alibaki mlangoni. Na ukoo ukipangwa upya, kila programu iliyoandikwa kwa kufuata njia ya zamani ilikwama, watu wakaanza kuandika tena toka mwanzo.

Katika maabara ya IBM iliyokuwa San Jose, California, alikuwepo mwanahisabati Mwingereza, Edgar Codd, mtu wa kisiwa cha Portland, ambaye wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa rubani katika Jeshi la Anga la Uingereza. Juni 1970 Codd alichapisha makala ya kurasa 11. Kurasa 11 tu! Kuna riwaya za kurasa 400 ambazo hazijasogeza hata kiti. Alichosema Codd ni rahisi mno kiasi kwamba unajiuliza mbona hakikusemwa zamani: weka kila kitu katika majedwali. Jedwali moja la wanafunzi, jingine la ada zilizolipwa, na kinachoyaunganisha ni namba ya mwanafunzi, basi. Mwulizaji aseme anachotaka. Njia ya kukifikia aitafute mashine yenyewe. Nipe wanafunzi wote wa kidato cha tatu ambao hawajalipa. Hakuna babu, hakuna mjukuu.

Wakubwa wa IBM hawakurukaruka kwa furaha. IMS ilikuwa inauzwa vizuri, na nani anataka kuua ng'ombe anayekamuliwa? Wataalamu wengine nao walisema mashine kamwe haitaweza kutafuta njia nzuri kumshinda mtu mwenye ujuzi wake. Mwaka 1974, kwenye mkutano huko Ann Arbor, Michigan, Codd na Charles Bachman, bingwa wa mifumo ya njia, walikabiliana uso kwa uso. Bachman alikuwa ameshapata Tuzo ya Turing mwaka uliotangulia, tuzo ambayo kwa watu wa kompyuta ni kubwa kuliko zote. Codd aliipata yake mwaka 1981. Kwa hiyo mahasimu wote wawili walivishwa taji, jambo ambalo kwetu sisi waandishi halitokei mara nyingi.

Maabara ya San Jose ikaanzisha mradi wa kujaribu mawazo ya Codd kwa vitendo, ukaitwa System R. Hapo vijana wawili, Don Chamberlin na Ray Boyce, walibuni lugha ya kuulizia majedwali, wakaiita SEQUEL. Baadaye jina lilibidi lifupishwe kuwa SQL kwa kuwa kampuni moja ya ndege ya Uingereza ilikwisha lisajili lile la kwanza. Boyce hakuwahi kuiona lugha yake ikienea. Alifariki mwaka huohuo wa 1974, akiwa bado kijana, muda mfupi baada ya kuitoa hadharani. Leo mamilioni ya watu wanaiandika lugha ile kila siku na sidhani mmoja kati ya mia anamjua.

Wakati huohuo, Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, Michael Stonebraker na Eugene Wong walikuwa wakijenga mfumo wao, Ingres. Na mwaka 1977 akina Larry Ellison, Bob Miner na Ed Oates wakaanzisha kampuni, wakasoma makala ambazo IBM ilikuwa ikizichapisha bila choyo, wakatengeneza bidhaa ya kuuza. Waliiingiza sokoni mwaka 1979 wakiiita Oracle toleo la 2. Toleo la 1 halikuwahi kuuzwa. Ujanja wa biashara huo, bwana. Mteja akisikia la 2 anajua kuna waliotangulia kung'atwa. IBM yenyewe, mwenye shamba, ilifika sokoni na SQL yake mwaka 1981.

Sasa ndipo aingie Gray.

Jim Gray alizaliwa San Francisco mwaka 1944. Alisoma Berkeley, na mwaka 1969 akawa mtu wa kwanza kupata shahada ya udaktari katika idara ya kompyuta ya chuo kile. Alipojiunga na System R hakushughulikia sana namna ya kuuliza maswali. Alichukua shughuli ambayo wengine waliiona ni ya chini kidogo, kama kazi ya fundi bomba: itakuwaje watu mia wakitumia majedwali kwa wakati mmoja, na itakuwaje mashine ikizimika katikati?

La kwanza alilijibu kwa makufuli. Anayeandika kwenye mstari fulani anaufunga, mwingine anasubiri. Lakini ufunge nini, mstari mmoja au jedwali zima? Ukifunga jedwali zima foleni inakuwa ndefu. Ukifunga mstari mmojammoja mashine inaelemewa na funguo. Gray na wenzake waliandika juu ya makufuli ya ukubwa mbalimbali katikati ya miaka ya 1970, na mpango wao ungali unatumika. Kufuli nazo zina balaa lake. Fikiria daraja jembamba, gari moja limeingia upande huu na jingine upande ule, yamekutana katikati, kila dereva kamkazia macho mwenzake arudi nyuma. Kwenye seva hali hii hutokea pale wewe unaposhika nilichokihitaji mimi, nami nimeshika unachokihitaji wewe. Hakuna wa kusogea mpaka Kiama. Seva inachofanya ni kumchagua mmoja, kumfutia kazi aliyoianza na kumwambia aanze upya. Kikatili, lakini daraja linafunguka.

La pili, la mashine kuzimika, ndilo lililonifanya niandike makala haya. Jawabu lake ni daftari.

Kabla seva haijagusa jedwali lolote, inaandika kwanza kwenye daftari lake: ninataka kupunguza 50,000 kwa Asha, alikuwa na kiasi hiki, atabaki na kiasi hiki; ninataka kuongeza 50,000 kwa Juma, na kadhalika; kisha, mwisho kabisa, neno moja la kuthibitisha kwamba muamala umekamilika. Daftari hilo linaandikwa kwa kufuatana, mstari chini ya mstari, wala halifutwi katikati. Likishafika kwenye diski ndipo Asha anapoambiwa tayari. Majedwali yenyewe yanaweza kusahihishwa baadaye, hata kama ni baada ya dakika kadhaa. Umeme ukikatika, mashine ikiamka kitu cha kwanza inachokifanya ni kusoma daftari. Muamala wenye neno la mwisho, inaurudia kama haukufika jedwalini. Usio na neno la mwisho, inautengua, kana kwamba Asha hakuwahi kubonyeza chochote. Hakuna nusu. Ama yote, ama hapana.

Ukilitazama vizuri utaona daftari ndilo lenye ukweli, majedwali ni kivuli chake. Muuza duka wa mtaani analijua hilo siku zote. Bidhaa inatoka baada ya jina kuandikwa kwenye daftari la mikopo, na si kabla. Akitoa kwanza akasema nitaandika baadaye, mteja mwingine akaja kumzungumzisha, sukari imekwenda hiyo. Sisemi Gray alijifunza kwa muuza duka. Nasema jambo lililo kweli watu hulifikia kwa njia nyingi.

Wajerumani wawili, Theo Härder na Andreas Reuter, mwaka 1983 waliyakusanya masharti ya muamala mzuri katika herufi nne, ACID, na huyo Reuter baadaye aliandika na Gray kitabu kinene juu ya miamala ambacho wasomaji wake huwa hawakiazimishi. Mwaka 1992 mtaalamu mwingine wa IBM, C. Mohan, na wenzake walitoa maelezo kamili ya namna ya kufufuka kutoka kwenye daftari, na seva nyingi kubwa zilichota humo. Hayo nayapita haraka, maana mwenye kutaka hesabu zake anazipata kwa wenyewe.

Gray aliondoka IBM mwaka 1980 akahamia kampuni ya Tandem. Tandem ilikuwa inauza mashine zisizozimika. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yao: kila kiungo ndani ya mashine kina pacha, kimoja kikifa kingine kinashika. Wateja wao walikuwa mabenki na watu wa namna hiyo, ambao dakika moja ya kiza ni hasara. Na bado mashine hizo zilisimama! Basi mwaka 1985 Gray akaandika ripoti iliyouliza swali ambalo muuzaji yeyote angelikwepa: kwa nini kompyuta husimama?

Alichukua taarifa za hitilafu za miezi saba kutoka kwa wateja wenye mashine zaidi ya 2,000. Kwanza aliziweka kando zile za mashine changa, maana kitu kipya hakikosi vijimatatizo vyake. Zilizobaki akazigawa. Hitilafu za vyuma vyenyewe zilikuwa asilimia 18. Mazingira, yaani umeme, moto, ubaridi wa chumba na mengineyo, asilimia 14. Makosa ndani ya programu asilimia 25. Na kundi kubwa kuliko yote, asilimia 42, lilikuwa la usimamizi: watu wanaoiendesha mashine, wanaoipanga, wanaoifanyia matengenezo.

Hapo mtu mwingine angesema, naam, tumewapata wezi wetu, wafukuzwe kazi. Ndivyo wakubwa wengi wanavyosoma takwimu. Gray hakusoma hivyo. Alisema watu hawa ni werevu na wamefunzwa, na mtu yeyote utakayemweka pale atakosea kwa kiwango hichohicho. Kwa hiyo dawa ni kuipunguzia mashine haja ya kuguswaguswa. Ijipange yenyewe. Iulize maswali machache. Na mashine inayofanya kazi iachwe ifanye kazi. Mimi nimesoma ripoti nyingi za tume za hapa na pale ambazo mwisho wake ni jina la karani mmoja, wala sikumbuki nyingi zilizouliza karani yule alikuwa ameachiwa mzigo gani.

Katika ripoti hiyohiyo alizungumzia makosa ya programu yaliyo kama jini. Unaliona usiku, ukiamka asubuhi ukaliita lije ulitazame, halipo. Aliyafananisha na nadharia ya mwanafizikia Heisenberg, kwamba ukitazama kitu umekwisha kukibadili. Makosa magumu, yanayotokea kila mara kwa njia ileile, alisema hukamatwa mapema kabla mashine haijauzwa. Yanayobaki kumsumbua mteja ni haya majini. Na kwa kuwa jini hatokei mara mbili kwa sababu ileile, kuitengua kazi iliyokwama na kuianza tena mara nyingi kunatosha. Kwa hiyo yule fundi wa mtaani anayekuambia zima halafu washa, usimcheke. Daktari wa Berkeley alimtangulia kuandika kwa nini inafaa. Ila kuanza tena bila hasara kunawezekana tu kama kuna daftari lililosema nani alikuwa amemaliza na nani bado.

Alipoitazama tena hesabu hiyo mwaka 1990 mambo yalikuwa yamegeuka: vyuma na matengenezo vilikuwa vimeboreka, na programu ndiyo iliyokuwa inaongoza kwa kuangusha mashine. Msimamizi wa seva, hata hivyo, hakupata likizo.

Hebu nieleze kidogo kazi ya msimamizi huyu, maana kwenye riwaya zetu hayumo. Tuna madaktari, tuna walimu, tuna makuli wa bandarini, tuna makahaba tele. Yeye hatumwandiki. Siku nzuri kwake ni siku ambayo hakuna aliyelitaja jina lake. Simu yake hulia usiku. Na ikilia, mara nyingi shida huwa ya kawaida kabisa, kama vile diski imejaa. Imejaa nini? Daftari! Lile daftari lisilofutwa linanenepa, na ikiwa hakuna mpango wa kuzihamisha kurasa zake za zamani mahali pengine, linafika ukutani. Likifika ukutani seva haiwezi kuandika nia yake, na isipoweza kuandika nia haiwezi kutenda. Inagoma. Duka zima limesimama na bidhaa zipo rafuni.

Hapo ndipo balaa jingine linapozaliwa. Kuna seva maarufu ya bure, PostgreSQL, mjukuu wa ile Ingres ya Stonebraker. Ilianza kutumia daftari la namna hii katika toleo la 7.1, mwaka 2001. Folda lililotunza daftari hilo lilipewa jina pg_xlog. Neno hilo la mwisho, log, kwa watu wengi wa kompyuta lina maana ya makaratasi ya matukio: fulani aliingia saa fulani, fulani katoka. Makaratasi hayo ukiyatupa hakuna anayekufa. Basi msimamizi kaamshwa saa nane usiku, diski imejaa, anaangalia ni nini kimeijaza, anaona folda linalojiita makaratasi. Analifuta. Diski imepata nafasi, naam, na seva haiamki tena, kwa sababu alichokifuta ni kumbukumbu yake ya mambo yote ambayo hayajafika jedwalini.

Ilitokea mara nyingi kiasi kwamba watunzaji wa PostgreSQL waliamua kulibadilisha jina. Toleo la 10, lililotoka Oktoba 2017, linaliita pg_wal. Hakuna kilichobadilika ndani, ni jina tu. Wapo walionung'unika, kwa kuwa vijiprogramu vyao vya zamani vililitafuta jina lile na kulikosa. Mimi niko upande wa waliobadili. Tunaojaribu kutunga hadithi tunajua mhusika akipewa jina baya msomaji atamdhania vibaya hadi ukurasa wa mwisho. Kumbe hata folda.

Mwaka huohuo wa 2017, Januari 31, ilitokea ajali ambayo wasimamizi wa seva wanasimuliana mpaka leo. GitLab ni mahali ambapo watunga programu wanatunza kazi zao na kujadiliana. Kanzidata yao, yaani ghala la majedwali, ilikuwa juu ya PostgreSQL, kukiwa na seva kuu na seva pacha inayonakili kila kitu. Pacha hunakilije? Kwa kusoma daftari la seva kuu, ukurasa kwa ukurasa, na kurudia yaliyomo. Siku ile mzigo ulizidi, pacha akachelewa, na seva kuu ikazitupa kurasa ambazo mwenzake hajazisoma. Pacha akakwama. Dawa yake ilikuwa kuyafuta yaliyomo kwenye pacha na kuanza kunakili upya.

Ilikuwa usiku. Fundi aliyekuwa zamu alijaribu, chombo cha kunakili kikakaa kimya bila kusema kinasubiri nini. Akajaribu tena. Mwishowe akaona bora alifute folda la pacha, lililokuwa halina kitu cha maana. Akaandika amri ya kufuta. Baada ya sekunde moja au mbili akagundua yuko kwenye seva kuu.

Aliikata amri hapohapo. Katika gigabaiti kama 300 zilikuwa zimebaki kama 4.5.

Wakakimbilia akiba. Nakala ya kila siku? Haikuwepo, kwa sababu chombo kilichoitengeneza kilikuwa cha toleo la zamani lisiloelewana na seva, kikawa kinashindwa kila siku, na barua za kuonya zilikuwa zinakataliwa njiani bila mtu kujua. Picha za diski? Zilikuwa hazijawashwa kwa seva za kanzidata. Pacha? Ndiye huyo keshafutwa. Kilichowaokoa ni nakala moja ambayo fundi huyohuyo, saa kama sita kabla, aliichukua kwa mkono wake kwa ajili ya shughuli nyingine kabisa ya majaribio. Bila ile, sijui wangewaambia nini wateja wao. Kuirudisha kulichukua takribani saa 18, kwa kuwa ilikuwa kwenye mashine goigoi. Kazi zenyewe za watu zilisalimika kwa kuwa zilitunzwa kwingine, ila maoni na mijadala ya saa zile sita ilikwenda na maji.

Ninalolisifu kwa hawa jamaa ni walichokifanya wakati nyumba inaungua. Walifungua maandishi yao ya kazi kila mtu ayasome, wakarusha shughuli ya uokoaji moja kwa moja kwa video, watu maelfu wakatazama mafundi wakihangaika. Baadaye wakaandika ripoti ndefu yenye kila kosa, na ndani yake yule fundi hana jina. Anaitwa kwa namba tu. Waliuliza kwa nini nakala tano zilishindwa zote bila mtu kugundua, na kwa nini seva kuu na pacha zinafanana hivyo machoni pa mtu aliyechoka. Miaka 32 baada ya ripoti ya Tandem, hesabu ilikuwa bado ni ileile, na safari hii walau iliulizwa vizuri.

Gray mwenyewe hakuyaona hayo, na ndipo ninaporudi nyuma miaka kumi.

Baada ya Tandem alipita kampuni nyingine, kisha mwaka 1995 akaingia Microsoft, ambao walimfungulia maabara San Francisco kwa kuwa hakutaka kuuhama mji wake. Mwaka 1998 alipata Tuzo ya Turing kwa kazi zake za miamala. Mwaka huohuo yeye na wenzake walizindua TerraServer, kanzidata ya majedwali ya kawaida kabisa, ila ndani yake walipakia picha za dunia zilizopigwa kutoka angani, nyingine na setilaiti. Mtu aliweza kuitafuta paa ya nyumba yake. Leo hilo si ajabu, wakati ule lilikuwa muujiza. Kisha akaenda kuwasaidia wanajimu kuzipanga nyota zao katika majedwali.

Alipenda bahari. Alikuwa na mashua ya tanga ya mita kama 12, ikiitwa Tenacious. Jumapili ya Januari 28, 2007, alitweka peke yake kuelekea visiwa vya Farallon, nje ya ghuba ya San Francisco, kwenda kuyamwaga majivu ya marehemu mama yake. Hali ya hewa ilikuwa shwari. Jioni hakurudi.

Walinzi wa pwani walitafuta kwa ndege na meli eneo kubwa mno la bahari hadi Februari 1, wakasitisha. Hakukuwa na mwito wa msaada kwenye redio, hakukuwa na mafuta juu ya maji, ubao, wala boya. Marafiki zake wakaingia kazini wenyewe. Hawa walikuwa mabingwa wa kompyuta wa Marekani nzima, washindani wa kampuni zinazogombana, wameketi pamoja. Setilaiti zikaelekezwa pale, ndege ya NASA ikapiga picha, picha zikakatwakatwa vipande na kugawiwa kwa maelfu ya watu wa kujitolea majumbani mwao, kila mmoja akitazama mraba wake wa maji ya bluu akitafuta kitu cheupe chenye umbo la mashua. Mtu aliyezipanga picha za dunia katika majedwali sasa alitafutwa ndani ya picha za dunia. Baadaye waliichunguza hata sakafu ya bahari kwa vyombo vya sauti, mpaka mwisho wa Mei.

Mei 31, 2008, watu walikusanyika Berkeley kumkumbuka. Waandalizi hawakuuita mkutano ule wa maombolezo, kwa sababu hakuna aliyekuwa na la kuthibitisha. Waliuita wa heshima. Kwa miaka mitano mkewe hakuwa mjane wala mwenye mume. Mwaka 2012 ndipo sheria ikamhesabu Jim Gray kuwa amefariki. Mashua haikupatikana.